Mwenyekiti anataka michoro kwanza, na mimi nimekwama kuchora: nianzie wapi?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni developa, nina diploma na mengine nimejifunza mwenyewe, niko Nakuru. Nimepata kazi ya kutengeneza mfumo wa chama cha akina mama wafanyabiashara, wako kama 60 hivi. Unafaa ushike michango ya kila mwezi, mikopo, wadhamini, faini, na malipo yaingie kwa M-Pesa. Mwenyekiti amesema hatoi hela ya kuanzia mpaka aone 'michoro ya mfumo', nadhani mwanawe aliyesomea ujenzi ndiye amemwambia hivyo. Nimeketi nikaanza na yale tuliyofundishwa chuoni, michoro ya matumizi, ya klasi, flochati za kila kitu, chati ya Gantt ya kupanga muda wa kazi, na hii ni wiki ya 3 sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Rafiki yangu aliye kampuni fulani Nairobi ananicheka eti siku hizi hakuna anayechora, unaanza tu. Nani mkweli? Nichore nini niache nini? Na hiyo Gantt nijaze aje wakati sijui kitu kitachukua muda gani?"*

Ndugu yangu, asante kwa kueleza kinagaubaga, manake wengi huuliza "nitumie mchoro gani" bila kusema wanajenga nini na hapo mtu hana la kujibu. Vile nakuelewa, umekwama kwa sababu umebeba kazi mbili ukidhani ni moja. Mwenyekiti anataka kujua pesa za akina mama haziendi kupotelea kwenye laptopu ya kijana asiyemjua vizuri. Wewe unataka kujua utajenga nini na ni kitu gani kitakuja kukuumiza mbeleni. Mchoro wa kumtuliza mwenyekiti na mchoro wa kukusaidia wewe kufikiri ni vitu viwili, na ukilazimisha seti moja ifanye yote ndio unajikuta wiki ya 3 una makaratasi ambayo mama haelewi na wewe mwenyewe hayajakuambia kitu ambacho hukukijua.

Kwanza tuondoe hili la ujenzi. Kijana wa mwenyekiti anafikiria ramani ya nyumba: inachorwa yote, kaunti inapiga muhuri, fundi anafuata, na ukuta ukishasimama kuubomoa ni hasara. Kwenye programu kubomoa ni rahisi sana mwezi wa kwanza, unafuta unaandika upya, hakuna simiti imemwagika. Kinachouma ni kugundua uamuzi ulikuwa mbaya wakati data za watu na pesa zao zimeshaingia ndani. Kwa hiyo hatuchori ili tumalize kila kitu kwanza ndio tujenge, tunachora ili tuone ni wapi bado hakuna mtu ameamua. Mchoro ambao haujakuletea swali hata moja la kumpigia mteja simu, huo umekula muda wako bure.

Na chuoni nadhani mlifundishwa UML, ile lugha ya pamoja ya kuchora mifumo ya programu, kama fomu ya kujaza, kila kisanduku lazima. Ilivyokuja ni hivi: miaka ya 1990 kila bingwa alikuwa na alama zake za kuchora, wewe ukichora wingu mwenzako anachora boksi, basi Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson wakakutana kwenye kampuni ya Rational kule Marekani wakaunganisha mitindo yao, na mwaka 1997 OMG, shirika la kuweka viwango vya programu, likaipitisha. Lengo lilikuwa tuelewane, nikichora mshale ujue ni mshale wa nini. Toleo linalotumika sasa lina aina 14 za michoro na hakuna popote imeandikwa kwamba mradi mmoja uzitumie zote. Mimi kwa mradi kama wako nachora mitatu tu, miwili ya humo na mmoja wa data ambao si wa UML, zingine naziacha bila kuona haya.

Flochati ndio ya kwanza kutupa. Hizo zilishika enzi za wanahisabati wa kompyuta za mwanzo, kina Goldstine na von Neumann, 1947, wakati programu yenyewe ilikuwa namba za mashine ambazo binadamu hawezi kuzisoma, lazima uchore kando ndio ukumbuke ulikuwa unafanya nini. Leo ukiandika kwa Python au PHP programu yenyewe inasomeka. Ile flochati ya "ingiza paswadi, je ni sahihi, ndiyo, hapana" haimwambii yeyote chochote, na ukibadilisha programu kesho mchoro unabaki unasema uongo. Mchoro wa klasi nao, ule wa sehemu za ndani za programu, kwa mtu anayefanya kazi peke yake, weka pembeni. Ule wa matumizi, wa vile vijitu vya vijiti na mayai, orodha ya kawaida ya "mweka hazina anaweza kufanya haya, mwanachama haya" inatosha kabisa na mama ataisoma.

Sasa twende kwenye ile mitatu ambayo kweli inasaidia, na wa kwanza ni mchoro wa hali. Chukua karatasi, andika juu "mkopo". Usiwaze skrini, usiwaze majedwali, waza mkopo mmoja toka mama anapouomba mpaka unaisha, unapitia hali gani. Utapata: umeombwa, unasubiri wadhamini, umeidhinishwa, umetolewa, umelipwa wote. Pembeni utaweka umekataliwa na umefutwa. Kila hali ni duara, kila badiliko ni mshale, na juu ya kila mshale unaandika nani au kitu gani kimeusukuma. Mpaka hapo ni rahisi, hata mtoto anachora. Kazi iko kwenye hatua inayofuata, unashika kila duara moja moja na kuuliza, je likitokea hili hapa, na lile je?

Mfano, mkopo umeidhinishwa Jumanne, pesa haijatoka bado, Jumatano mdhamini mmoja anapiga simu anasema amejitoa. Mshale unaenda wapi? Unarudi kwenye kusubiri wadhamini, au kidole kikishagusa "nakubali" hakuna kurudi? Wewe huna jibu na hufai kuwa nalo, hilo ni la katiba ya chama, na nakuhakikishia wenyewe bado hawajalizungumza. Mdhamini akifariki mkopo ukiwa katikati ya kulipwa? Mama akilipa zaidi ya deni, ile ya juu iende akiba ama irudishwe? Mkopo umeidhinishwa na mwenyewe hajauchukua mwezi mzima, bado ni wake au pesa inarudi mfukoni mwa chama? Karatasi moja hiyo itakupa maswali ya kujaza mkutano mzima, na kila swali lingekuja kukupata saa 4 usiku kwenye simu baada ya mfumo kuanza, watu wakigombana na wakisema ni kompyuta yako imeharibu.

Usidhani ni mchezo wa wanafunzi. David Harel, msomi wa kompyuta, alipokuwa akisaidia wahandisi wa ndege za kivita Israel miaka ya 1980, mambo ya ndege yalikuwa yameandikwa kwenye majitabu makubwa, na akiuliza swali dogo tu kama rubani akibonyeza kitufe hiki ndege ikiwa katika hali fulani inakuwaje, jibu halikuwa rahisi kupatikana. Hapo ndio akaja na namna yake ya kuchora hali, akaichapisha 1987, na ndiyo iliyoingia baadaye kwenye UML. Kama maandishi marefu yaliwachanganya wahandisi wa ndege, chama kitapona?

Kabla sijasahau, jambo moja ambalo wengi hukosea hapo. Utashawishika kuongeza duara la "umechelewa". Mimi singeliweka. Kuchelewa ni hesabu, tarehe ya kulipa imepita na kiasi hakijafika, mfumo unaweza kuhesabu wakati wowote ukiulizwa. Ukilifanya hali ya kuhifadhi inabidi kuwe na kijikazi kinachozunguka kila usiku kubadilisha mikopo, na usiku ambao seva imelala basi asubuhi mfumo unasema kila mtu yuko sawa. Faini ndio tofauti, faini ni tukio, ikishatozwa iandikwe na tarehe yake na ibaki imeandikwa hata kama mwenyekiti ataisamehe. Msamaha nao uandikwe kivyake.

Mchoro wa pili ni wa malipo, na huu usiuruke hata ukiwa na haraka namna gani. Chora mistari wima minne: simu ya mama, seva yako, Daraja ya Safaricom (mlango ambao programu yako inaongelea na M-Pesa), na databesi yako. Halafu mishale ishuke kwa mfuatano wa saa. Mama anabonyeza Lipa kwenye mfumo. Seva yako inatuma ombi la STK kwa Daraja, lile la kumletea mama kadirisha ka PIN. Daraja inakujibu hapo hapo na ResponseCode 0 pamoja na CheckoutRequestID, alama ya kulitambua ombi hilo. Sasa simama. Hiyo 0 maana yake ombi limepokelewa, mama hajalipa, ndio kwanza kadirisha ka PIN kanafunguka kwenye simu yake na pengine anahudumia mteja wa nyanya hata hajakaona. Nimeona mifumo inayotoa risiti kwenye hiyo 0 ya kwanza, na mweka hazina anakuja kushangaa mwisho wa mwezi risiti ni nyingi kuliko pesa. Matokeo ya kweli yanakuja baadaye, Daraja inayatuma kwenye anwani ya seva uliyowapa, na humo kuna ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 simu haikupatikana au hakujibu.

Ukishauchora huo ndio unafanya ule mchezo wa ubaya, unaweka kidole kwenye kila mshale na kuuliza, huu ukikatika? Matokeo yakitumwa wakati seva yako iko chini, pesa imetoka kwa mama na wewe hujui, kwa hivyo lazima uwe na njia ya kuuliza Daraja hali ya ile CheckoutRequestID baada ya muda, usikae unasubiri tu. Matokeo yale yale yakija mara mbili, databesi ikatae kuandika CheckoutRequestID ile ile mara ya pili, la sivyo mama amelipa mara moja na ameandikiwa mbili. Mama akikosa subira akabonyeza Lipa tena? Na yule ambaye hataki hata kufungua mfumo wako, anaenda menyu ya M-Pesa analipa kwa Paybill moja kwa moja na namba ya akaunti ameikosea herufi, ile pesa imeingia na haina mwenyewe. Inataka skrini ndogo ambapo mweka hazina anaona pesa zisizo na jina na kuzipeleka mahali pake kwa mkono. Hiyo skrini haikuwa kwenye mawazo yako, au sivyo? Mchoro ndio umeileta.

Wa tatu ni mchoro wa data, majedwali na mistari ya kuyaunganisha, mtindo uliotokana na kazi ya Peter Chen ya 1976. Hapa sitakawia kwa sababu najua diploma imekupitisha. Mambo mawili tu. Udhamini usiuweke kama safu za "mdhamini 1, mdhamini 2" ndani ya jedwali la mkopo, mwanachama mmoja anadhamini mikopo kadhaa na mkopo mmoja una wadhamini kadhaa, kwa hiyo udhamini unataka jedwali lake lenye kiasi alichodhamini, tarehe aliyokubali na tarehe aliyojitoa kama alijitoa. Ukiuchora hivyo ndio utaweza kujibu swali ambalo mwenyekiti atauliza tu, "huyu mama tayari amedhamini watu kwa pesa ngapi jumla?" La pili, usiweke salio kama namba moja inayobadilishwa badilishwa. Weka miamala, kila ingizo na kila tozo mstari wake, salio lihesabiwe kutoka hapo. Siku ya ugomvi, na siku hiyo itakuja, namba tupu haiwezi kujitetea lakini orodha ya miamala inajitetea.

Sasa rafiki yako wa Nairobi. Hajakudanganya kabisa. Kampuni yao ina mfumo uliokwisha kusimama, wazee wa timu wana michoro kichwani, na nina hakika wakibanwa wanasimama kwenye ubao wanachora maboksi na mishale wanafuta, ila hawaiti hiyo kuchora. Na kama ungeniambia unajenga tovuti ya hoteli yenye kurasa tano ningekwambia vile vile, anza kuandika leo. Lakini wewe una pesa za watu, una hali nyingi za mkopo, una mfumo wa mtu mwingine unaoongea nao kwa kuchelewa, na uko peke yako bila mtu wa kukukosoa. Hapo siku mbili tatu za kalamu zinarudisha gharama yake. Wiki tatu ndio zimezidi. Ukiona umeanza kupanga rangi za maboksi na kunyoosha mistari, umeshamaliza kuchora zamani, fungua laptopu uandike programu.

Kuhusu Gantt. Henry Gantt alikuwa mhandisi Mmarekani na chati zake za miaka ya 1910 zilikuwa za viwanda na karakana, kazi ambazo watu walishazifanya na muda wake unajulikana. Wewe hujawahi kujenga huu mfumo, kwa hivyo ukijaza milia 40 kila mmoja siku mbili ni kubuni kwa rangi, na mteja akishaishika atakudai kwa tarehe hizo hizo. Bakisha kitu kimoja tu kutoka kwenye chati, nani anasubiri nani. Huwezi kupokea pesa za kweli kabla chama hakijapata Paybill au Till yake na Safaricom haijakuruhusu kutoka kwenye majaribio, hiyo inataka karatasi za chama na sahihi za viongozi na haiko mikononi mwako, basi ianze wiki ya kwanza wakati wewe unaandika mengine. Orodha ya wanachama na madeni ya zamani kutoka kwenye daftari, mweka hazina ndiye wa kuileta, mwandikie hivyo na tarehe. Yako wewe gawa kwa vituo ambavyo mtu anaweza kuviona kwa macho: kituo cha kwanza wanachama na michango inaandikwa kwa mkono, cha pili mikopo na wadhamini, cha tatu M-Pesa. Kila kituo kina malipo yake, na makadirio yape kwa upana, "wiki 3 mpaka 5", ukimaliza cha kwanza utajua mwendo wako na cha pili utakadiria vizuri zaidi.

Mwenyekiti je, umwonyeshe nini? Ukurasa mmoja. Katikati boksi moja lililoandikwa "Mfumo wa chama", kulia kwake M-Pesa, kushoto wanachama, chini mweka hazina na katibu, na kwenye kila mshale maneno ya kawaida, "analipa mchango", "anaidhinisha mkopo", "anapata ripoti ya mwezi". Simon Brown, yule wa mtindo wa kuchora programu uitwao C4, anaanza na mchoro wa namna hii hii, picha ya mbali kabla ya kuingia ndani. Nyuma yake weka skrini mbili tatu za kuchora kwa mkono, ile ya mwanachama kuona salio lake na ile ya mweka hazina. Halafu ukae naye, au mkae na kamati nzima, na ule mchoro wa mkopo uusome kwa mdomo kama hadithi, mama fulani ameomba 30,000, wadhamini wake wawili, mmoja amejitoa, sasa tunafanyaje? Utaona watakavyoanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Wewe andika tu. Wakikubaliana weka kwenye mkataba, huo ubishi ukiutatua hapo ndio mwenyekiti ataona unajua unachofanya kuliko akiona kurasa 20 za UML.

Kwa vifaa usihangaike. Karatasi na picha ya simu inatosha kwa mwanzo. Ile michoro mitatu utakayobaki nayo iandike kwa Mermaid, ni maandishi matupu kama `Umeombwa --> Umeidhinishwa : wadhamini wametosha` na kifaa kinachora chenyewe, GitHub, ule mtandao wa kuhifadhi programu, inaionyesha bila kuweka kitu kingine toka 2022. Raha yake ni kwamba mchoro unakaa pamoja na programu, ukibadilisha sheria ya mkopo unabadilisha mstari mmoja na historia inabaki. Ukipenda kuburuta maboksi diagrams.net ni ya bure na iko sawa tu.

Na kuna mahali ambapo michoro wala majibu ya mtandaoni hayatakufikisha, tafuta mtu mkae uso kwa uso. Hesabu za riba na faini mpelekee mhasibu aliyezoea vyama, umpe mikopo mitano ya kweli kutoka kwenye daftari, ahesabu kwa mkono na wewe uhesabu kwa mfumo mlinganishe mpaka senti. Namba za vitambulisho na simu za akina mama ni data za watu na Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, uliza kwa wakili au ofisi ya kamishna wa data kama chama kinatakiwa kujisajili na uweke nini kwenye fomu. Wakianza kusema "mbona tusikopeshe na wasio wanachama kupitia simu", simamisha kazi hapo hapo, hiyo ni biashara nyingine, Benki Kuu ilitoa kanuni zake za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 na wewe developa hufai kuwa ndiye wa kuzitafsiri. Na kabla pesa ya kweli haijapita, mwombe developa aliyewahi kuunganisha Daraja akae na wewe mchana mmoja na ule mchoro wa mistari minne mezani, hata huyo huyo rafiki yako anayekucheka, mnunulie chakula aweke kidole kwenye kila mshale akuulize ukikatika inakuwaje.